UJUZI WA MAFUNDI: Skii ya Mkia

Wasomaji wetu wengi wamepata kuiona eropleni ndogo ya aina ya Piper Super Cub, hasa wale waliokaa karibu na mbuga za Tsavo, ambako askari wa wanyama wa pori wameitumia kwa miaka mingi kuwatafuta majangili na kuangalia makundi ya ndovu. Ni ndege ya watu wawili, mmoja huketi nyuma ya mwenziwe. Urefu wake ni kiasi cha futi 22 na nusu, mabawa yake kutoka ncha hata ncha ni futi 35, na ikiisha jaa watu, mafuta na mizigo hairuhusiwi kuzidi ratli 1,750, yaani kilo 794 hivi. Husimama juu ya magurudumu mawili makubwa mbele, na kigurudumu kimoja kidogo chini ya mkia.

Juma hili twataka kuitazama ndege hiyo hiyo ikiwa mbali sana na Tsavo, katika nchi ya Alaska, kaskazini ya mbali ya Amerika, ambako ardhi hulala chini ya theluji kwa miezi mingi ya mwaka. Huko mafundi huifunga ndege skii, yaani vitu vipana vya kutelezea ambavyo ncha zake za mbele zimepinda kwenda juu kama omo ya mashua. Zamani skii zilikuwa za mti mgumu. Siku hizi nyingi ni za alumini au faibaglasi. Zile mbili za mbele kila mtu huziona na kuzisifu. Sisi tutazungumza juu ya ile ya tatu, iliyo ndogo kuliko zote, inayofungwa mkiani. Ni rahisi kuisahau, lakini katika nchi ile kuisahau kwaweza kumfanya mtu alale nyikani katika baridi ya digrii 40 chini ya sifuri.

Kwanza yafaa msomaji ajue kwa nini watu wa Alaska wanaitegemea ndege kiasi hiki. Marekani iliinunua nchi hiyo kutoka Urusi mwaka 1867, na mwaka 1959 ikawa jimbo la 49. Ukubwa wake wakaribia kuwa sawa na Kenya tatu zikiwekwa pamoja, lakini watu wake hawafiki milioni moja, na vijiji vingi havina barabara hata moja ya kuviunganisha na miji. Wakati wa joto watu husafiri mitoni kwa mashua. Wakati wa baridi mito hugeuka kuwa barafu. Zamani barua na dawa zilichukuliwa na sleji, ambazo ni magari yasiyo na magurudumu yakokotwayo na mbwa. Tarehe 21 Februari 1924, Bwana Carl Ben Eielson aliruka kutoka mji wa Fairbanks mpaka McGrath akichukua barua za serikali katika ndege iliyofungwa skii. Safari ambayo mbwa waliichukua kwa zaidi ya majuma mawili, yeye aliimaliza kwa muda wa saa 3 hivi. Tangu hapo ikawa wazi ya kuwa mgonjwa wa kijiji cha mbali aweza kuokolewa, mradi ndege iweze kutua penye theluji na, lililo kubwa zaidi, iweze kuondoka.

Neno hilo la kuondoka ndilo lenye shida. Mwezi wa Juni 1937 rubani mashuhuri, Bwana Bob Reeve wa mji wa Valdez, aliwachukua wapanda milima wawili, Bwana Bradford Washburn na Bwana Robert Bates, akatua nao juu ya mto wa barafu uitwao Walsh, katika nchi ya Yukon huko Kanada, mahali palipo zaidi ya futi 8,000 juu ya bahari. Walikuwa wanauendea mlima Lucania, ambao unauzidi Mlima Kenya kidogo tu kwa urefu. Walitazamia theluji ngumu. Walikuta theluji iliyolainika kwa joto kama uji, na ndege ikazama. Bwana Reeve alikwama pale siku kadhaa. Alijaribu kuruka akashindwa, akajaribu tena. Mwisho alitoa ndani ya ndege kila kitu alichoweza kukitoa ili kupunguza uzito, ndipo akafaulu kuondoka peke yake. Ndege haikurudi tena mahali pale. Wapandaji wale wawili waliupanda mlima wao, kisha wakatoka kwa miguu, mwendo wa zaidi ya maili 100 katika nchi isiyo na watu. Walifika salama, lakini hakuna aliyeondoka nyumbani akikusudia kurudi namna hiyo.

Sasa tuitazame theluji yenyewe. Kila mfugaji amewaona kuku na bata wakivuka tope moja. Kuku huzama mpaka kwenye goti, na bata hupita juu. Si kwamba bata ni mwepesi. Mara nyingi yeye ndiye mzito. Tofauti ni kwamba unyayo wa bata ni mpana, na uzito wake umetandazwa mahali pengi. Skii ni unyayo wa bata. Gurudumu huikanyaga theluji kwa sehemu ndogo kama kiganja, lakini skii huikanyaga kwa eneo kubwa mara nyingi zaidi ya hilo, basi ndege huelea juu ya theluji badala ya kuchimba.

Fikiri basi juu ya ndege iliyofungwa skii mbili za bata mbele, lakini mkiani ikaachiwa unyayo wa kuku. Kigurudumu cha nyuma cha Super Cub ni cha kipenyo cha inchi 8 hivi. Penye theluji ngumu hakina neno. Penye theluji laini kama unga, iliyoanguka usiku bila upepo wa kuishindilia, kigurudumu hicho huzama chote pamoja na springi inayokibeba. Rubani akitia moto injini, skii za mbele zataka kwenda, lakini kule nyuma kuna kitu kinacholima theluji kama jembe la kukokotwa na ng'ombe. Mwendo hauongezeki. Ili ndege ya namna hii iruke upesi, hapana budi mkia uinuke kwanza, mabawa yalale sawa na upepo; nao mkia uliozikwa hauinuki kwa wepesi. Miti iliyo mwisho wa ziwa yakaribia, na rubani hana breki, maana skii hazina breki. Hana njia ila kufunga injini na kuomba ndege isimame kabla ya kufika.

Kuna taabu ya pili. Ndege yenye skii hugeuzwa kwa usukani wa mkiani, ukisukumwa na upepo wa rafadha. Mkia ukiwa umezama, usukani hufanya kazi bure. Ndipo rubani hulazimika kushuka, kuchimba theluji kwa koleo, na kuuinua mkia kwa mikono. Mtu aliye peke yake, amevaa nguo nzito, akifanya kazi hiyo mara tatu au nne, hutoka jasho; na jasho katika baridi ile ni adui, kwa sababu hulowesha nguo, na nguo zilizolowa haziuhifadhi mwili.

Dawa ya taabu hizo ni skii ya mkia. Ziko namna mbili kubwa. Ya kwanza ina tundu katikati, na kigurudumu hubaki mahali pake kikichungulia chini kidogo kupita tundu hilo. Penye theluji laini skii hubeba uzito. Penye barafu au theluji ngumu kigurudumu hushika chini na kusaidia kugeuza. Namna ya pili huondoa kigurudumu kabisa na kukaa mahali pake. Hii ni nzuri kwa theluji nyingi, lakini ndege ikitua penye changarawe yaweza kuharibika upesi. Namna zote mbili huwa na mbavu nyembamba chini, zilizonyoka toka mbele hata nyuma, ili mkia usiteleze ubavuni kama mtu aliyekanyaga ganda la ndizi.

Kuifunga kwaonekana kuwa kazi ya bolti chache tu. Fundi mwenye akili haanzi na bolti. Huanza na springi ya mkia, ambayo hufanana na springi za lori, vipande vya chuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Springi hiyo ilizoea kubeba kigurudumu chepesi kinachozunguka. Sasa itabeba kitu kirefu kinachoweza kushikwa na theluji upande mmoja na kuipinda. Kwa hiyo huisafisha vizuri, huitazama kwa kioo cha kukuza kama ina ufa, na hukagua bolti zinazoishika kwenye mwili wa ndege. Akiona ufa mwembamba kama unywele, kazi husimama hapo mpaka springi ibadilishwe. Wahenga wetu walisema, mdharau mwiba mguu huota tende.

Baada ya hapo huzuia magurudumu ya mbele yasiende, huinua mkia na kuuweka juu ya kigogo imara, kisha huifunga skii. Ikiisha kufungwa, yapasa iweze kuinamisha na kuinua pua yake yenyewe, ili ifuate mabonde na matuta ya theluji. Lakini uhuru huo lazima uwe na mpaka. Ndege ikiwa angani, upepo wa mwendo hutaka kuikamata skii. Kama pua ya skii ikiinama chini, hugeuka kuwa kama ubao uliosimamishwa katika mkondo wa mto. Hutikisa mkia wote, na wakati wa kutua hujichomeka katika theluji kama mkuki. Ndiyo maana pua ya skii huvutwa juu na springi au kamba ya mpira, na kamba za waya huwekwa kuizuia isipite kipimo upande wowote. Mpira huchoka kwa umri, na baridi kali huufanya mgumu. Basi fundi hautazami siku ya kufunga tu, huutazama majira yote ya theluji. Kamba ya waya ndiyo mlinzi wa mwisho mpira ukikatika.

Kisha huja jaribio ambalo kila fundi yampasa alifanye kwa mikono yake mwenyewe. Huusukuma usukani mpaka mwisho wa kushoto, naye huigeuza skii kila upande, juu na chini. Halafu hufanya vile vile kulia. Pasiwe na mahali popote ambapo skii yagusa usukani au waya zake. Kitu kikigusa kidogo katika karakana, kitagusa sana angani. Mwisho huzifunga nati kwa pini ndogo za chuma zilizopindwa miguu, ili mtetemo wa injini usizilegeze. Pini moja ya namna hiyo ni nyepesi kuliko msumari, lakini ikikosekana skii nzima yaweza kuanguka.

Wako watakaodhani kazi imekwisha. Lakini imebaki sehemu ambayo makarani wataipenda, maana ni ya hesabu. Ndege ni kama mzani. Iko nukta moja ambapo uzito wa mbele na uzito wa nyuma hukutana, na nukta hiyo lazima ibaki kati ya mipaka miwili iliyowekwa na watengenezaji. Tuseme skii ya mkia ina uzito wa ratli 8, na mahali inapofungwa ni futi 16 nyuma ya nukta ile. Zidisha 8 kwa 16, utapata 128. Sasa jiulize: je, mzigo uliowekwa futi 2 tu nyuma ya nukta hiyo ungekuwa na uzito gani ili uvute mkia kwa nguvu ile ile? Gawanya 128 kwa 2, utapata ratli 64. Basi kile kitu kidogo unachokichukua kwa mkono mmoja kimevuta mkia kama gunia la ratli 64 lililotiwa nyuma ya abiria. Ndege iliyozidiwa na mkia huinua pua isipotakiwa. Mwendo ukipungua mabawa huacha kubeba, na rubani aweza kukosa nguvu ya kuishusha pua tena.

Kwa sababu hiyo sheria za Marekani hazimruhusu mtu kufunga skii yoyote aipendayo. Lazima iwe ya namna iliyokubaliwa kwa ndege ile. Fundi mwenye cheti huandika kazi katika daftari la ndege, na hesabu ya uzito huandikwa upya, pamoja na mahali mzigo unapoweza kuwekwa tangu siku hiyo. Sahihi hiyo si mapambo. Rubani atakayesoma ukurasa ule miezi mitatu baadaye, akiwa peke yake ziwani na mgonjwa na masanduku mawili, hana mtu mwingine wa kumwuliza.

Je, kila ndege ya theluji yapaswa kuwa na skii ya mkia? La. Hapa ndipo mtu mwenye ujuzi hutofautiana na mtu anayefuata desturi tu. Pwani, ambako upepo huvuma mchana na usiku, theluji hushindiliwa ikawa ngumu kama sakafu, na maziwa huwa barafu tupu. Mahali pa namna hiyo kigurudumu chenyewe huongoza vizuri, na skii ya mkia huongeza uzito bila faida, tena yaweza kuteleza ubavuni upepo ukivuma. Barani, katika mabonde yenye misitu ambako upepo ni haba, theluji hulala laini mpaka magotini na zaidi, na huko kwenda bila skii ya mkia ni kujitakia shari. Na kama ndege itaanza safari kwenye uwanja usio na theluji na kuimaliza kwenye mto wa barafu, kama marubani wa Talkeetna wanavyofanya kuwapeleka watu kwenye mlima Denali, ulioitwa pia McKinley, wenye futi 20,310, basi vyombo vyote vitatu, vya mbele na vya nyuma, lazima viweze kutumika pande zote mbili. Mwaka 1951 Bwana Terris Moore aliwapeleka Bwana Washburn na wenzake kwenye mto wa barafu wa Kahiltna kwa Super Cub yenye skii na magurudumu pamoja, na njia hiyo ndiyo iliyofunguliwa kwa wapandaji wengi waliofuata.

Hata ndege iliyofungwa vizuri kabisa haimwondolei rubani wajibu wa kutumia macho. Akifika juu ya ziwa asilolijua hatui mara moja. Huligusa kwanza kwa skii akiwa bado ana mwendo, huacha alama ndefu mbili, kisha hupaa, huzunguka na kuzitazama. Alama zikibaki nyeupe, ni dalili njema. Zikigeuka kuwa nyeusi, ni kwamba chini ya theluji kuna maji yaliyopanda juu ya barafu, naye huenda zake. Akiisha tua, huizungusha ndege juu ya theluji mpaka iishindilie njia ya kurukia, kwa maana ni rahisi zaidi kuondoka katika njia iliyokwisha kanyagwa.

Hata kusimama kuna elimu yake. Skii ikiteleza hupata joto kwa msuguano na kuyeyusha theluji kidogo. Ikisimama, maji yale huganda na kuishika kama gundi. Marubani wa zamani waliweka matawi ya misonobari chini ya skii zote tatu kabla ya kulala, na desturi hiyo ni njema hata sasa, ijapokuwa skii nyingi za leo zimevikwa plastiki ngumu chini ili zisishike. Anayezikumbuka mbili za mbele na kuisahau ya nyuma huamka asubuhi akikuta ndege imefungwa kwa mkia kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi.

Basi neno letu la juma hili ni hili. Skii ya mkia ni kitu cha ratli chache, lakini humtaka fundi ajue theluji ya mahali ndege iendako, nguvu ya springi iliyomo, hesabu ya mizani na mwendo wa usukani, yote kabla ya kukaza nati ya kwanza. Kuifunga kwa sababu jirani ameifunga si ujuzi, na kuiacha kwa sababu ni ndogo si ujuzi vile vile. Swali la kwanza la fundi liwe, "Ndege hii itatua juu ya nini, na itaondokaje?" Akiisha pata jibu, atajua kama skii hiyo yahitajiwa au haihitajiwi.